Zege Lililosingiziwa Mafiga

Jumanne, 28 Mei 1974. Mbeya

Asubuhi nzima ni kuvunja zege. Vipande vya majaribio vya daraja vimevunjika vizuri, kwa kishindo, kama inavyotakiwa. Kisha vitatu vya wodi ya wazazi, ile inayojengwa kijijini, ndani kidogo ya Nyololo. Vina wiki moja. Nimevitoa kwenye magunia mabichi, nikavifuta, nikavipima uzito. Cha kwanza kwenye mashine. Mwakyusa, msaidizi wangu, akapampu. Sindano ya kipimo ikapanda kidogo, ikasita, ikarudi. Nikadhani mashine imeharibika. Cha pili vilevile. Cha tatu hata kelele hakikupiga. Kilikaa chini tu kama ugali.

Nimempelekea Mhandisi majibu. Anasema ni baridi. Mufindi miezi hii nyasi zinaamka na barafu, zege linakawia kukomaa. Ni kweli, hukawia. Anasema tungoje vitatu vilivyobaki, vya wiki nne, hivyo ndivyo vyenye kauli. Nayo ni kweli. Ila hakuinua macho aliposema.

Jumapili, 9 Juni

Baridi kali. Kanisani watu wameimba na mikono mifukoni.

Mama mwenye nyumba kaniuliza tena kazi yangu hasa ni ipi. Nimemweleza. Watu wakimwaga zege la paa, wanajaza na kalibu za chuma kwa zege lilelile, vinatoka vipande vya inchi sita kila upande. Mimi navikandamiza kwenye mashine mpaka vivunjike. Kipande kikivunjika mapema, ujue na paa ni bovu. Amecheka. Kwa hiyo serikali inakulipa uvunje vitu? Nami nimecheka, lakini sikufurahi.

Wodi ile hainitoki kichwani. Bati zimeadimika, ndiyo maana wameamua paa la zege. Bati likikuangukia utapata jeraha. Chini ya hili watalala wanawake wenye uchungu na watoto wa siku moja.

Jumanne, 18 Juni

Vitatu vilivyobaki, vya wiki nne. Tisini na moja. Themanini na nane. Tisini na nne.

Ilitakiwa mia mbili.

Nimeviangalia ndani. Matundu matundu, kama andazi. Baridi haifanyi hivyo. Hapa kuna jambo. Nimewaza wizi wa saruji moja kwa moja. Nani kauza mifuko?

Mirunda, miti inayoshikilia lile paa, inatolewa Jumamosi tarehe 29, ili wodi ifunguliwe Saba Saba. Nimeandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MIRUNDA ISITOLEWE. Nimempelekea Mhandisi mkononi. Kasema vizuri, kazi nzuri, acha hapo. Nimeacha hapo.

Alhamisi, 20 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mwandiko huu wenyewe aibu.

Mhandisi kaniita mbele ya ofisi nzima. Jana alikwenda kijijini, karudi na habari. Eti mpishi wa mafundi, mama mmoja anaitwa Mama Kasiana, alivichukua vile vipande vitatu akavifanya mafiga. Eti sufuria ya maharage imekaa juu yake siku zote hizo. Moto umeviharibu, kwa hiyo kipimo hakina maana, kwa hiyo paa ni zima, kwa hiyo mirunda itatolewa kama ilivyopangwa. Ofisi nzima imeangua kicheko. Mwakyusa naye alicheka, kisha akaniona uso, akanyamaza.

Mafiga! Nimevishika kwa mikono yangu. Vilikuja vina unyevu, nyuzi za gunia zimenata pembeni. Zege lililokaa motoni lina masizi, linageuka rangi, linanuka moshi hata ulisugue na sabuni. Nimekulia Kihesa, mafiga nimeyajua kabla sijajua kusoma.

Na vile vitatu vya kwanza? Navyo vilipikiwa maharage? Nimeuliza hivyohivyo, kwa sauti. Kanijibu: Dada, ubishi huu ndio unaokuchelewesha kuolewa. Wamecheka tena.

Nimerudi maabara nimefagia sakafu iliyokwisha fagiliwa.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeomba Landrova niende kuona mwenyewe. Gari halina mafuta. Saa tisa nimeliona linatoka getini kwenda kumchukulia Mhandisi mkaa.

Jumapili, 23 Juni. Nyololo

Nimedandia lori la viazi. Kutoka barabarani ni mguu mpaka kijijini.

Wodi imesimama. Kuta nzuri, zimenyooka. Paa liko juu, na chini yake mirunda imesongamana, huwezi kupita bila kujikunja. Katikati ya mirunda amekaa binti mmoja anakwepa upepo, anapukuchua maharage, tumbo limefika kidevuni. Huyo ndiye Kasiana. Mama yake alikuwa jikoni, kibanda cha nyasi hatua chache tu kutoka pale.

Nimemwamkia. Kamwene, mama. Ameitikia vizuri mpaka niliposema natoka wapi. Hapo akageukia sufuria.

Nimemuuliza habari za vipande. Kajibu: nilivichukua mimi, nilikosea. Kama mtoto anayekariri. Nikatazama mafiga yake. Mawe matatu meusi ya mtoni, yamezama kwenye majivu, hayajaguswa tangu msingi unachimbwa. Nimemwambia, mama, unadanganya.

Akanitazama sasa. Macho makavu. "Binti, mchanga ule tumeutoa mtoni kwa vichwa, masika yote, na watoto mgongoni. Ukisema paa bovu, saruji nyingine hatupewi. Niachie mafiga yangu."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mhandisi aliwaambia Jumatano: ama kuna mtu aliharibu vipande, ama paa linabomolewa na saruji ndiyo basi tena. Mama Kasiana akasema, semeni ni mimi. Hakulazimishwa. Alijitolea, kama walivyojitolea mchanga.

Nimechukia. Sijui nimemchukia nani zaidi. Wanawake waliokuwa wakichambua mboga hawakunikaribisha hata maji.

Mzee Kalinga, msimamizi wa mafundi, kanisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika ndipo akafungua mdomo. Hakuna aliyeiba saruji. Siku ya kumwaga zege mgeni rasmi alikuwa anakuja saa nane kuona kazi ya kujitolea. Zege lilikuwa zito, kama inavyotakiwa, na wanawake wamejipanga mstari wanapokezana makarai kichwani wakiimba. Ilikwenda polepole. Saa sita paa halijafika hata nusu. Mhandisi akatazama saa, akaamuru yaongezwe maji. Debe, na debe, na debe. Likawa uji, likatiririka lenyewe mpaka pembeni. Wimbo ukaenda mbio. Mgeni alipofika paa limekwisha, akapiga makofi.

"Na mimi nikajaza kalibu kwa uji uleule," kasema. "Ndivyo nilivyofundishwa. Ujaze na kile kinachokwenda juu."

Nimemuuliza kwa nini hakusema. Kanionyesha kwa kidole lori linalokuja, nilisimamishe.

Jumatatu, 24 Juni

Kwa hiyo Mhandisi siyo mwizi. Ningefurahi angekuwa mwizi. Mwizi anajua anaiba. Huyu alitaka makofi tu. Wanawake watalala chini ya uji kwa sababu bwana mmoja alitaka makofi.

Nimemwendea ofisini. Nimemwambia najua habari ya maji. Hakushtuka. Kanivalia miwani ya mbao. Kasema zege lile limeshakauka, lingekuwa bovu lingeshaanguka. Linaangukaje wakati limeshikiliwa na msitu mzima wa mirunda? Kasema karatasi ya ruhusa imeshapigwa muhuri, mirunda Jumamosi, na mimi nirudi kwenye mashine yangu.

Nimekwenda kwa mkubwa wake. Mkubwa wake yuko Dar es Salaam kikazi. Anarudi baada ya Saba Saba.

Nimemkasirikia hata Mama Kasiana. Mjinga gani anajitwika uongo wa mtu mwingine? Kisha namkumbuka anasema masika yote, na watoto mgongoni. Sijui.

Ijumaa, 28 Juni. Nyololo

Nimetuma salamu kazini kwamba naumwa. Si uongo, naumwa hasira.

Nimekwenda na kikapu. Ndani mna mapande mawili ya zege: moja la daraja, moja la kwao. Nimewakuta wanawake jikoni, wengi, wanatayarisha chakula cha kesho. Mafundi wanakuja alfajiri kutoa mirunda. Wamegeuka wote nilipoingia. Mmoja kasema kwa Kihehe, akidhani sisikii, amerudi tena huyu mchawi wa majengo. Nimemjibu kwa Kihehe, lugha niliyokulia. Hakujua aangalie wapi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yote yamenipotea. Nimetoa mapande yale, nikamwekea Mama Kasiana miguuni. Nimemwomba kisu chake. Kasema jikwangulie mwenyewe. Nimesema hapana, wewe.

Amekwangua la daraja. Kisu kimelia, kimeteleza, alama ndogo tu. Kisha la kwao. Vumbi. Akakwangua tena, vumbi likamwagika juu ya khanga yake kama unga wa muhogo. Akaweka kisu chini, akajaribu na ukucha. Likatoka hata kwa ukucha.

Kauliza, hili ndilo lililoko juu? Nikasema ndilo.

Sufuria inachemka hakuna anayeitazama. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, akaanza kusema karatasi ya Mhandisi ina muhuri. Mama Kasiana hakumsikiliza. Alikuwa anatazama nje, kule kwenye mirunda, binti yake amekaa palepale pa siku ile, na ungo wake.

"Kasiana. Toka hapo."

Hakupaza sauti. Binti akauliza kwa nini. Mama akarudia, toka, na ungo uache. Binti akatoka akijikunja katikati ya mirunda, mkono tumboni. Hakuna aliyevuta pumzi mpaka alipofika kwenye jua.

Nalala hapa. Wamenipa mkeka.

Jumamosi, 29 Juni

Mafundi wamefika, Mhandisi nyuma yao kwenye Landrova. Leo mafuta yapo.

Wamekuta wanawake wamekaa chini ya paa. Hapana, nimeandika vibaya. Wamekaa mlangoni na kuzunguka kuta zote, nje, mgongo kwa ukuta, mtu asipite kwenda kwenye mirunda. Hakuna aliyewaambia. Mimi sikuwaambia.

Mhandisi kaniona, akajua. Kaniita mchochezi. Kasema nimewatia hofu wanakijiji, nitakiona cha moto. Nimemwambia kwa sauti ya kusikika: kama paa ni zima, ingia wewe ukae katikati, kisha mafundi watoe mirunda. Najivunia.

Hakuingia.

Akaanza hadithi ya mafiga. Ndipo Mama Kasiana akasimama, akajikung'uta khanga. Kasema yeye hajawahi kupikia zege, anapikia mawe, na anayetaka akayaone. Kasema alidanganya kwa sababu alitaka wodi, na sasa hataki wodi hii. Sauti yake ilikatika kwenye neno wodi. Kisha Mzee Kalinga akatoka kati ya mafundi, kofia mkononi, akasema habari ya maji. Madebe yote. Mbele ya kijiji chote.

Mhandisi kasema wote ni wajinga na kazi ameisimamisha mpaka atakapoamua yeye. Amepanda gari. Mirunda haikutolewa.

Nilidhani watashangilia. Wametawanyika. Wanawake wamebaki wanatazama kuta zao.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma uwanjani tangu asubuhi. Wodi haikufunguliwa. Nimekaa ndani, nimefua.

Jumatano, 10 Julai

Nimeona taarifa iliyokwenda kwa mkubwa. Nimeisoma nimesimama, ikabidi nikae.

"Katika ukaguzi wangu nimegundua udhaifu katika paa na nikasimamisha kazi mara moja kwa usalama wa wananchi." Wangu. Nimegundua. Mara moja.

Mkubwa kamsifu kwa uangalifu. Anapandishwa, anahamia makao makuu. Mimi nimepewa onyo la kutokuwepo kazini siku ya Ijumaa. Mwakyusa kasema kwa lugha yake ndaga, pole, Mungu anaona. Nimemwambia mimi pia ninaona, na sina pa kuyapeleka.

Kwani sifa nazitaka? Nazitaka. Nitaandika ukweli hapa angalau. Nilitaka mtu mmoja mwenye suti asimame aseme yule dada alisema mapema, tukamcheka.

Alhamisi, 18 Julai. Nyololo

Wamebomoa leo. Nimetumwa rasmi kushuhudia, na Landrova nimepewa.

Mirunda imeachwa chini mpaka mwisho. Mafundi wamepanda na nyundo. Sikutegemea itakuwa rahisi namna ile. Pigo la pili tu nyundo ikazama, nondo zikatokeza nje. Mafundi wakatazamana. Mzee Kalinga akavua kofia, akafuta uso, akaivaa tena.

Wanawake wamebeba vifusi kwa makarai yaleyale, mstari uleule, kutoka juu kuja chini. Hawakuimba. Mtu akipokea karai anatazama ndani, anampa mwenzake. Kuna mchanga wao mle ndani, wa masika yote.

Mchana wamenipakulia chakula wa mwisho, baada ya mafundi, baada ya dereva. Nimekula. Sikuwa na haki ya kulalamika na nimelalamika moyoni hata hivyo. Mimi nimefanya nini? Si mimi niliyetia maji.

Kasiana sikumwona. Nimeambiwa karibu atajifungua, yuko ndani.

Saruji nyingine imeahidiwa. Kuahidiwa si kupewa.

Jumanne, 17 Septemba

Zege jipya limemwagwa leo kule kijijini. Mzee Kalinga kanipigia simu kutoka posta ya Mafinga kuniambia. Zito, kasema. Limechukua mchana kutwa mpaka jua kuzama. Hakukuwa na mgeni.

Jumanne, 15 Oktoba

Mama Kasiana amefika maabara asubuhi, yeye na Mzee Kalinga. Hakuamini kuvituma vipande kwa lori. Viwili mzee alivibeba kwenye gunia, na kimoja mama alikipakata mapajani safari nzima, kimefungwa khanga mbichi. Khanga imelowa, na yeye amelowa mpaka magotini.

Nimemwamkia. Nimemuuliza habari za nyumbani, nikauliza habari za Kasiana.

Kasiana ni mzima sasa. Uchungu ulimshika mwanzoni mwa Agosti, mtoto akakaa vibaya. Wakampakia kwenye tela la trekta wampeleke hospitali ya misheni. Alijifungua njiani. Wa kike. Mtoto aliishi siku mbili tu.

Kanieleza hivyo, taratibu, bila kunitazama wala kunikwepa. Kisha kasema, kungekuwa na wodi. Hakumalizia. Nilisimama pale na kitambaa cha kufutia mkononi. Nikasema pole mama. Akaitikia.

Kisha akasema, haya, fanya kazi yako.

Nimemwambia akae nje, kelele ni kubwa. Amekataa. Kasimama nyuma ya Mwakyusa, mikono kifuani. Sindano ikapanda. Ikapita tisini. Ikapita mia na hamsini. Mwakyusa anapampu, jasho linamtoka. Ikapita mia mbili, bado inakwenda. Kisha kishindo, vumbi, zege likapasuka pande zote nne.

Mama Kasiana akakaa chini sakafuni. Kajifunika uso kwa khanga ile mbichi. Anasema limevunjika, jamani, na hili nalo limevunjika.

Nikapiga magoti. Nikamwambia mama, vyote huvunjika. Tunaliminya mpaka livunjike. Hili limevunjika limeshabeba zaidi ya tulichotaka. Ni zuri. Ni zuri kabisa.

Akatoa khanga usoni. Akaniuliza, sasa kama ni zuri, mnalivunjia nini? Nimesema hatuna njia nyingine ya kulijua. Akainuka, akashika ukingo wa meza.

"Vunja na hivyo viwili."

Nimevunja. Vyote vimepita mia mbili. Cha mwisho kilipiga kelele kuliko vyote na safari hii hakushtuka.

Mirunda inatolewa Jumamosi. Kasema atalala yeye chini yake usiku wa kwanza, kabla hajaingia mgonjwa yeyote. Nimemwambia nitakuja tulale wote. Kasema nije na blanketi, kule bado kuna baridi.